Kwarara Wawili: Mwenye Kelele wa Uani na Mweupe wa Ziwani

Kila askari aliyewahi kulala katika kambi yenye miti mirefu anajua kwamba tarumbeta si sauti ya kwanza ya alfajiri. Kabla mpiga tarumbeta hajamaliza kufunga vifungo vya shati lake, huwa amekwisha kutanguliwa. Kutoka kileleni mwa mti hutoka ukelele mkali, "Haa! Haa! Haa-da-daa!", wa pili huitikia, wa tatu hudakia, kisha ndege wakubwa wenye rangi ya majivu hupita juu ya mabati ya nyumba za familia wakielekea kwenye uwanja wa gwaride. Watoto wachanga huamka wakilia. Naye aliyetoka zamu ya usiku, ambaye ndiyo kwanza amejifunika blanketi, hutamka maneno yasiyofaa kuandikwa katika ukurasa wa nyumbani.

Ndege huyo ni hadada. Vitabu vya Kiswahili humwita kwarara, na ukiyatamka majina hayo mawili kwa sauti kubwa utaona kwamba yote yaelekea kuwa ni mlio wake mwenyewe, uliosikiwa na masikio mbalimbali ya wanadamu. Lakini kwarara ni jina la ukoo, na katika ukoo huo hadada anaye ndugu ambaye wasomaji wengi wamemwona mara nyingi pasipo kujua kuwa ni nduguye. Ni yule ndege mweupe mwenye kichwa cheusi kisicho na manyoya, atembeaye polepole kandokando ya Ziwa Victoria, huku ameinamisha shingo kama mzee aliyeangusha sarafu mchangani.

Aliyenifanya nishike kalamu ni jirani yangu mmoja, mke wa sajini. Siku moja alipokuwa akianika sare za mumewe aliniita.

"Afande," alisema, "wewe unayesoma vitabu, hebu nieleze. Yule mweupe wa ziwani ndiye dume, na huyu wa majivu ndiye jike, sivyo? Maana ndivyo wasemavyo wanaume wa hapa kambini, kwamba mwenye makelele ni lazima awe mke."

Nilimjibu kwamba wanaume wa kambini wamekosea mara mbili. Kwanza, hao si mume na mke, bali ni ndege wa aina mbili mbalimbali ambao hawaoani kamwe. Pili, katika kila aina kati ya hizo mbili dume na jike wamefanana mno, isipokuwa dume kwa kawaida amezidi kidogo kwa kimo na urefu wa mdomo. Na kwa upande wa hadada, makelele ni ya wote wawili. Alicheka, akasema atalipeleka jibu hilo linakostahili. Hata hivyo niliona kwamba swali lake lilikuwa la maana kuliko jibu langu, maana hakuniuliza tu majina ya ndege. Alikuwa ameona jambo: kwamba hao wawili wamefanana, na wakati huohuo hawakufanana.

Wanafanana kwa umbo. Wote wawili wana urefu wa kiasi cha sentimita 70 toka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, na uzito uzidio kilo moja. Wote wana mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini mfano wa mundu, nao ndio alama ya ukoo mzima popote duniani. Wote huruka wakiwa wamenyoosha shingo mbele. Kwa alama hiyo ya mwisho mtu aweza kumtofautisha kwarara mweupe na yangeyange hata akiwa mbali sana angani, kwani yangeyange arukapo hukunja shingo akaificha mabegani.

Ama kwa mavazi hawakufanana hata kidogo. Kwarara mweupe ana mwili wa maziwa, na kichwa na shingo nyeusi tititi ambazo hazina unyoya hata mmoja. Mdomo ni mweusi, miguu ni myeusi, na juu ya mkia humwangukia manyoya meusi laini yaliyochambuka kama shada la kofia ya gwaride. Akiruka, ncha za mbawa zake huonekana kuwa na ukingo mweusi, kana kwamba shuka jeupe limeshonwa pindo. Makinda hawazaliwi na upara huo. Kichwa na shingo zao huwa na manyoya yenye madoadoa meupe na meusi, ambayo huwatoka kadiri wanavyokua.

Hadada kwa mbali ni ndege wa majivu na kahawia, asiye na cha kujivunia. Mngoje jua limpige ubavuni. Hapo mabega ya mbawa zake hung'aa rangi ya kijani na zambarau, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Ana mstari mweupe shavuni mithili ya sharubu, na mgongo wa mdomo wake una wekundu. Miguu yake ni mifupi ukilinganisha na ya nduguye, na si ajabu, kwa sababu hadada hana haja kubwa ya kuingia majini. Kazi yake iko nchi kavu, maadamu nchi kavu hiyo iwe na unyevu.

Hapa ndipo ilipo tofauti iliyo kubwa kuliko zote, nami naomba msomaji anivumilie niieleze kwa kirefu.

MDOMO UNAOSIKIA

Mtazame hadada kwenye majani yaliyokatwa baada ya mvua. Hutembea hatua moja, huchoma ardhi, hutembea tena, huchoma tena, upesi upesi kama fundi wa cherehani. Mara husimama, huuzamisha mdomo hadi karibu na macho, kisha huutoa akiwa ameshika buu nene la mdudu au nyungunyungu. Aliwezaje kujua kwamba kitoweo kiko pale, na macho yake hayapenyi udongo?

Wachunguzi walioitazama mifupa ya midomo ya kwarara wa aina nyingi wameona kwamba karibu na ncha ya mdomo mfupa una vishimo vidogo vidogo chungu nzima, na ndani ya vishimo hivyo mna miisho ya mishipa ya fahamu. Mdudu ajongeapo chini ya ardhi, mtikisiko wake hafifu husafiri udongoni, na mdomo wa kwarara huuhisi. Ndiyo kusema, ndege huyu husikia kwa mdomo. Majaribio yaliyofanywa nchini Afrika Kusini na hadada wa kufugwa yalionyesha kwamba waliweza kupata mabuu waliofukiwa ambao hawakuweza kuwaona, kuwasikia wala kuwanusa. Na kwamba udongo ulipokuwa mkavu, uhodari wao ulipungua.

Habari hiyo yaeleza jambo ambalo mke wa sajini alikuwa ameliona kwa macho yake miaka mingi. Wakati wa kiangazi, uwanja wa gwaride unapokuwa mgumu kama sakafu ya saruji, hadada huhama wakaja nyuma ya majiko, pale pale ambapo akina mama humwaga maji ya kufulia na kuoshea vyombo. Baadhi ya majirani walidhani kwamba ndege hao wanafuata makombo, wakawafukuza kwa mawe. La hasha! Wanafuata unyevu. Ardhi ya mahali pale imelainika, mdomo waweza kuingia, na wadudu wamejikusanya huko huko kwa sababu ileile. Nafaka si chakula cha hadada. Chakula chake ni wadudu, nyungunyungu, konokono, buibui na mijusi midogo, na mwenye bustani ya mboga akimwona akichomachoma kati ya matuta hana sababu ya kuhuzunika, isipokuwa kama miche ingali michanga mno na yaweza kung'olewa.

Kwarara mweupe naye ana mdomo wa namna hiyo, tena mnene zaidi, na huutumia katika tope na maji ya kina kifupi. Lakini yeye hakujifunga kwenye chakula cha namna moja. Hula samaki wadogo, vyura, kaa, konokono wa majini, panzi, panya, mizoga, mayai na makinda ya ndege wengine, hata mayai ya mamba akiyakuta wazi. Na huyu ndiye afuataye makombo kweli. Katika majalala ya miji mingi ya Afrika utamkuta akipekua pamoja na yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, ambaye watu wa Kampala humwita kaloli.

Kwa kuwa ametajwa konokono wa majini, niseme neno moja. Konokono wa aina fulani ndio wabebao kichocho, maradhi ambayo askari wa vituo vya ziwani na familia zao wanayajua vizuri. Simsingizii kwarara udaktari. Haliwezekani ziwa zima kusafishwa na ndege. Dawa ni ileile tuliyoambiwa na wauguzi, yaani kutokwenda haja ziwani na kwenda kupimwa.

NYUMBA ZAO

Katika mambo ya unyumba pia ndugu hawa wameachana njia. Hadada ni mtu wa nyumba moja. Mume na mke hukaa pamoja mwaka hata mwaka, hujenga kiota chao peke yao juu ya tawi lililolala, na kiota chenyewe ni kitanda cha vijiti kisicho na ustadi, ambacho ukisimama chini yake waweza wakati mwingine kuona mayai kwa kupitia nyufa. Mayai huwa 2 au 3. Baba na mama huyaatamia kwa zamu kwa muda wa siku zipatazo 26, na makinda hulishwa na wote wawili. (Akina baba wenye kudai kwamba kulea si kazi ya dume waweza kuisoma sentensi hiyo mara ya pili.) Jioni jozi nyingi hukusanyika kulala katika mti mmoja mkubwa, na hapo ndipo yanapotoka makelele ya magharibi na ya alfajiri.

Kwarara mweupe hawezi maisha hayo. Yeye hujenga katika halaiki, jozi kwa makumi au kwa mamia katika miti michache, mara nyingi pamoja na yangeyange, korongo na minandi. Ni kama kambi hasa, kila familia na chumba chake, na kelele za ugomvi wa mipaka hazikomi. Lakini nje ya kambi hiyo ndege huyu ni mkimya mno, hata mtu aweza kukaa karibu naye mchana kutwa asisikie sauti yake. Na ili kambi hiyo iweze kusimama yahitajika miti isiyosumbuliwa, na aghalabu iliyo karibu na maji au kinamasi. Hadada aridhikapo na mti mmoja wa mkalitusi kando ya barabara, nduguye adai makazi ya taifa zima.

Msomaji ashike jambo hilo, maana ndilo litakalotupeleka Misri.

NDEGE ALIYEKUWA MUNGU

Wamisri wa kale walikuwa na mungu aliyeitwa Thoth, mungu wa maandishi, hesabu, elimu na mwezi. Walimchora akiwa na mwili wa mtu na kichwa cha kwarara mweupe, ameshika kalamu ya tete na ubao wa wino. Huenda ule mdomo uliopinda uliwakumbusha mwezi mchanga, au labda kalamu yenyewe. Basi ndege huyo akawa mtukufu. Mwandishi wa Kiyunani, Herodotus, aliyeizuru Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba mtu aliyemuua kwarara, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, adhabu yake ilikuwa kifo.

Lakini utukufu huo ulikuwa na upande wake wa pili. Waabuduo walitaka kumtolea Thoth sadaka, na sadaka iliyompendeza ilikuwa ni kwarara aliyekufa, aliyepakwa dawa asioze, akaviringwa vitambaa na kutiwa katika mtungi. Katika mahandaki ya maziko yaliyochimbwa chini ya ardhi huko Saqqara wamekadiriwa kuwapo kwarara wapatao milioni moja na robo tatu. Na huko Tuna el-Gebel wapata milioni nne. Hesabu hizo humfanya mtu ajiulize ndege wote hao walitoka wapi.

Maandishi ya kasisi mmoja wa Saqqara, aitwaye Hor, aliyeishi katika karne ya 2 kabla ya Kristo, yataja chakula cha kwarara 60,000. Kwa hiyo kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba makasisi walikuwa na mashamba makubwa ya kuwafuga, kama tufugavyo kuku. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi zilizotolewa katika ndege waliozikwa humo, wakizilinganisha na za kwarara walio hai barani Afrika. Waliona kwamba ndege wa makaburini walikuwa na tofauti nyingi baina yao, kama walivyo ndege wa porini. Lau wangalikuwa wa kufugwa kizazi baada ya kizazi, wangalifanana zaidi. Ndipo wakasema kwamba yamkini wengi walinaswa kutoka vinamasini, au walivutwa na chakula, wakawekwa muda mfupi tu kabla ya kutolewa sadaka. Kwa maneno mengine, hata miaka elfu mbili iliyopita kwarara mweupe alikuwa afuata sahani ya binadamu, na hata wakati huo sahani hiyo haikuwa ya bure.

Dini ya Thoth ilikwisha. Ndege akabaki, lakini wanazuoni wa Ulaya walipoanza kuandika majina ya viumbe katika karne ya 18 hawakujua tena ni ndege gani hasa aliyeabudiwa. Walimdhania mara huyu mara yule. Hata leo korongo mwenye mdomo wa manjano, ambaye tunamwona kwenye Mfereji wa Kazinga, ana neno "ibis", yaani kwarara, katika jina lake la kitaalamu, ilhali si kwarara. Na yangeyange afuataye ng'ombe alipewa neno lilo hilo kwa kosa la namna hiyo. Msafiri James Bruce, aliyekwenda Ethiopia kutafuta chanzo cha Nile ya Buluu, alikuta huko ndege aliyeitwa na wenyeji Abu Hannes, akashuku kwamba ndiye. Kisha majeshi ya Napoleon yaliingia Misri mwaka 1798 yakiwa yamefuatana na wataalamu, nao wakarudi Ufaransa na mitungi ya makaburini. Bingwa wa mifupa, Georges Cuvier, aliwafungua ndege hao, akapima mfupa kwa mfupa, akathibitisha mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba ndiye huyu wetu mweupe wa kichwa cheusi.

Na hapa ndipo penye uchungu. Karibu na wakati uleule ambapo jina lake lilirudishwa, mwenye jina alikuwa anatoweka. Kufikia nusu ya pili ya karne ya 19 kwarara mweupe hakuonekana tena kuzaa katika nchi ya Misri. Hakuna aliyetoa amri ya kumwangamiza. Vinamasi vya bonde na vya mlango wa mto vilikaushwa vikageuzwa mashamba, mafunjo yakaondoka, na miti ya halaiki zake ikaondoka. Sheria ya Herodotus ilimlinda ndege asipigwe jiwe, lakini haikulinda tope alilosimama juu yake.

Historia yake ya baadaye imekuwa kama kichekesho kikali. Katika karne ya 20 bustani za wanyama za Ulaya zilimchukua kwa sababu ya uzuri wake. Ndege wa bustani moja ya Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, waliachwa waruke watakavyo. Kuanzia mwaka 1993 wakaonekana wakizaa nje, na baada ya miaka kumi na zaidi walikuwa maelfu, wakijilisha katika majalala na mashamba yenye maji na kunyang'anya mayai ya ndege wenyeji. Serikali ya huko ikaanza kuwapiga risasi. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulimtia katika orodha ya viumbe wageni waharibifu, ambao ni marufuku kufugwa au kuachiliwa. Aliyekuwa mungu Misri amekuwa mhamiaji haramu Ufaransa.

HADADA AMESHINDA KWA NJIA NYINGINE

Wakati nduguye akipita katika misukosuko hiyo, hadada hakuchorwa na mtu katika hekalu lolote. Yeye alikaa akichoma ardhi. Huko Afrika Kusini, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa ni ndege wa upande wa mashariki tu, wenye mvua na miti. Watu walipopanda miti katika nchi iliyokuwa wazi, wakachimba mabwawa, wakamwagilia mashamba, bustani na viwanja vya michezo, hadada aliona kwamba ameandaliwa nyumba na meza. Kati ya mwaka 1910 na 1985 eneo lake nchini humo liliongezeka zaidi ya maradufu, na siku hizi huwaamsha watu wa Cape Town kama awaamshavyo wa kambini kwetu. Nchini Uganda hana haja ya kusafiri mbali. Bustani za Entebbe, viwanja vya shule, makaburi, hospitali na kambi, vyote vina majani yaliyokatwa na mvua mara mbili kwa mwaka.

Mtu aweza basi kusema kwamba hadada ni rafiki wa maendeleo na kwarara mweupe ni adui wake. Mimi sikubali. Wote wawili hutegemea kitu kimoja, yaani ardhi iliyolowa. Ila hadada atosheka na kiasi kidogo cha unyevu, cha ukubwa wa uwanja, hata cha ukubwa wa beseni la kufulia, na nduguye hawezi kuzaa bila kinamasi au ziwa lenye miti yake. Kwarara mweupe bado ni wengi barani Afrika, wala haorodheshwi pamoja na ndege walio hatarini. Walakini jalala humpa chakula tu. Halimpi kambi ya kuzalia.

Nayo habari ya vinamasi vya Uganda si ya kulala nayo usingizi. Mwaka 1988 nchi iliingia katika mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, na Ziwa George likawa la kwanza kuandikishwa. Mwaka 2006 Ghuba ya Lutembe, iliyo kati ya Kampala na Entebbe, nayo ikatiwa katika orodha hiyo. Hata hivyo mwaka 1994 ardhioevu zilichukua kiasi cha asilimia 15.6 ya nchi, na kufikia mwaka 2019 zile zilizosalia bila kuharibiwa zilikuwa zimeshuka hadi asilimia 8.9. Korongo taji aliye katika bendera ya taifa, ambaye naye huzaa katika vinamasi, aliwekwa mwaka 2012 katika daraja la ndege walio hatarini kutoweka. Wanaojaza udongo na kujenga hawana chuki na ndege yeyote, kama vile wakulima wa Misri hawakuwa na chuki na Thoth. Wanatafuta kiwanja. Kisha mvua kubwa zinyeshapo maji huja kukitafuta kiwanja kilekile, na polisi huitwa usiku kuokoa watu katika nyumba zilizofurika.

Maji yatokayo ziwani pale Jinja yasemwa huchukua takriban miezi mitatu kufika baharini Misri. Nimesimama pale mara mbili tatu wakati wa jioni, nikawaona kwarara weupe wakivuka mto kwa mstari, wakipiga mbawa kidogo na kuteleza kidogo, kila mmoja akimfuata wa mbele yake kama askari watokao zamu. Chini yao maji yalikuwa yakishuka kwenda katika nchi ambamo wao wenyewe hawapo tena.

Wasomaji wakaao vituo vya ziwani waweza kuwatafuta saa za asubuhi mapema, ufukweni penye maji ya kufika vifundo vya miguu, na tena saa kumi na moja jioni warudipo kulala. Watoto waangalie kichwa: kikiwa cheusi na hakina manyoya, na mdomo umepinda chini, ndiye, kikiwa cheupe na mdomo umenyooka, ni yangeyange. Wazazi wachukue manati kwanza, hasa wakati wa viota, kwani kwarara aogopeshwaye mara kwa mara huacha mayai. Na kwa kambi zilizo karibu na maji, shimo la taka lifukiwe kwa udongo kila jioni. Ndege aliyekanyaga uchafu wa jalala asubuhi aweza kuwa juu ya tangi la maji la wazi adhuhuri, naye haoshi miguu mlangoni.

Ama mke wa sajini, alinieleza juzi kwamba jozi moja ya hadada imejenga katika mti ulio nyuma ya jiko lake, na kwamba tangu kiangazi kianze amekuwa akimwaga maji ya kufulia chini ya mti huo kwa kusudi. Makinda wawili wameanza kusimama ukingoni mwa kiota wakijaribu mbawa. Mumewe, ambaye mwezi huu yumo katika zamu ya usiku, bado hajawasamehe.